Tulimtoa Mtoni Kabla ya Mara ya Saba



Katika semina ya wanawake ya usharika wetu hapa Njombe, binti mmoja aliyetoka kumaliza chuo cha uuguzi alisimama akauliza swali. "Mama zetu, ninyi mmekaa wodini zaidi ya miaka ishirini. Naomba mnifundishe. Mgonjwa anashuhudiwaje? Nianze na neno gani?"

Akina mama wote wakatugeukia. Sisi ni wauguzi wanne wa usharika mmoja. Tulisomea stashahada ya uuguzi katika miaka inayokaribiana, tumezaa watoto wetu katika wodi ileile tunayoifanyia kazi, na Jumamosi, zamu zikituruhusu, hutembelea wagonjwa majumbani kwa niaba ya Umoja wa Wanawake. Watu walitegemea kwamba tungekuwa na jibu mdomoni. Tulitazamana tukanyamaza. Mwisho tulimwambia, "Mwanetu, tupe muda. Tutakuandikia."

Leo tunamwandikia yeye, na wewe mama msomaji pia. Tunaomba uvumilivu wako, maana ndani ya jibu letu limo kosa letu.

Mikono iliyopashwa moto

Tuanze mbali kidogo. Tulipokuwa wanafunzi tulipangwa katika wodi ya wazazi chini ya mkunga mmoja mtu mzima, mwembamba, asiye na maneno mengi. Wanaoijua Njombe wanaijua baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Asubuhi nyingine sakitu hutanda juu ya majani kama chumvi iliyomwagika, na maji ya bomba hukata vidole. Mkunga yule hakumgusa mama mjamzito tumboni kabla hajapasha mikono yake. Alinawa, akajifuta, kisha akashika birika la moto kwa kitambaa safi mpaka viganja vikapata joto. Hata kama wodi imejaa na sisi tunakimbia huku na huko, yeye alipasha mikono kwanza.

Siku moja tulimwuliza kwa nini anapoteza muda. Akajibu, "Huyu mama ameogopa tangu jana. Mkono wa baridi utamwongezea hofu, tumbo litakaza, nami sitajua mtoto amelalaje."

Hakutaja mstari wa Biblia. Ilikuwa sababu ya kiuguzi tu. Lakini mmoja wetu alikuwa ametoka katika nyumba isiyokwenda kanisani kabisa, na mikono ile ilimsumbua. Alimtazama mkunga yule miezi mitatu. Alimwona akimvisha soksi zake mwenyewe mama aliyeletwa bila ndugu. Alimwona akikosewa na daktari mbele ya watu, na jioni akimpelekea daktari huyohuyo chai. Mwisho mwenzetu akashindwa kujizuia, akamwuliza, "Mama, wewe unasali wapi?" Mkunga akamwambia jina la kanisa na saa ya ibada, akaendelea kukunja mashuka. Jumapili iliyofuata mwenzetu alikaa benchi la nyuma. Mpaka leo hajaondoka, ila siku hizi anakaa mbele.

Huo ndio mvuto tulioukuta. Jiko la moto halimwiti mtu kwa jina, lakini nyumba yenye baridi wote husogea lilipo. Bwana wetu alipowafundisha wanafunzi juu ya nuru yao, alitaja matendo mema yanayoonekana na watu, ili utukufu umwendee Baba (Mathayo 5:16). Tuliyaona matendo hayo kwa macho, tukayapenda, tukasema tukiwa wakubwa tutakuwa kama yule mama.

Tulipokuwa wakubwa tulifanya hivi.

Mama wa viazi

Ilikuwa mwaka 2012, mwaka ambao Njombe ilifanywa mkoa. Ugonjwa wa UKIMWI umetuumiza sana huku kwetu. Katika utafiti wa kitaifa wa 2016/2017, na tena wa 2022/2023, mkoa wetu ndio ulioonekana kuwa na kiwango cha juu cha maambukizi kuliko mikoa mingine ya Tanzania Bara. Usharika ambao haujazika kwa ajili ya ugonjwa huu hatuufahamu. Serikali ilikuwa imeanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo tangu 2004, na sisi wauguzi tulikuwa tumeanza kuona kwa macho yetu jambo ambalo hatukulitegemea. Watu waliobebwa kuja walikuwa wakiondoka kwa miguu yao.

Mmoja wao alikuwa mama mjane, muuza viazi, mwenye watoto wawili. Habari zake tunazisimulia kwa ruhusa yake, na mambo machache tumeyabadilisha asitambulikane. Alipoletwa mara ya kwanza alikuwa mwepesi kama mtoto wa darasa la tatu. Alianzishiwa dawa, za asubuhi na za jioni, saa mbili na saa mbili. Hakuwa na saa ya mkononi. Usiku alisikiliza redio ya jirani, ikianza taarifa ya habari naye anameza. Asubuhi alitazama watoto wa shule wakipita.

Jumamosi zetu tulikuwa tukimfikia. Tulimchotea maji, tukampikia uji, tukaomba pamoja naye kwa kuwa mwenyewe alipenda maombi. Baada ya miezi minane alirudi sokoni. Tulimwona akinyanyua debe la viazi bila kusaidiwa, akatupigia kelele kutoka upande wa pili, "Kamwene, masista!" Tulilia pale pale sokoni.

Wiki ya wanawake ilipofika tukapata wazo. Huyu mama aje atoe ushuhuda! Tulimwambia siku moja kabla. Hatukumwuliza kama anataka. Tulimwambia. Naye angewakataliaje watu waliompikia uji?

Siku hiyo kanisa lilijaa mpaka nje. Mmoja wetu alishika kipaza sauti kumtambulisha. Hatutasema alikuwa nani, maana sote wanne tulikuwa tumekubaliana na sote tulikuwa tukipunga vitambaa. Hakutaja ugonjwa. Alijua siri ya mgonjwa, akasema tu "ugonjwa mzito". Lakini furaha ilimzidi, akapaza sauti: "Mimi ni nesi, nimemwona kwa macho yangu! Bwana amemponya kabisa! Huyu mama hana ugonjwa tena!"

Vigelegele vilipigwa mpaka paa likatetemeka. Mama alisimama katikati, kitenge kipya, macho chini, akitabasamu. Tulirudi nyumbani tukiwa na furaha. Tulisema, leo tumelitumia jina letu kwa ajili ya Bwana.

Miezi sita baadaye

Aliletwa usiku, kwa pikipiki, amefungwa kwa kanga mgongoni mwa kijana wa jirani asianguke. Kichwa kilikuwa kikimuuma siku kumi mfululizo. Shingo ilikuwa imekakamaa. Mdomo ulikuwa na utando mweupe. Daktari alichukua maji ya uti wa mgongo, na majibu yakawa ni fangasi walioingia kwenye utando wa ubongo. Ni ugonjwa unaowakuta watu ambao kinga yao imeshuka sana.

Mmoja wetu alikuwa zamu. Alitafuta kadi ya kliniki akakuta tarehe za miezi sita hazina alama. Alimwinamia mama akamwuliza taratibu, "Mama, dawa zako ziko wapi?"

Mama alifungua macho. Alijibu bila hasira, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi. "Sista, si ninyi mlisema? Ulisema wewe ni nesi na umeona. Ningemezaje tena? Si ingekuwa ninamwita Mungu mwongo?"

Wapendwa, tumeona vifo vingi katika kazi hii, lakini hatujawahi kusikia neno zito kuliko lile. Mwenzetu alitoka akaingia stoo ya mashuka akajifungia. Asubuhi alipotupa zamu alitusimulia, tukakaa kwenye benchi la nje, baridi ikitupiga, hakuna aliyekwenda nyumbani.

Jambo moja tuliliona wazi asubuhi ile. Mchungaji hakumwambia aache dawa. Majirani hawakumwambia. Kama maneno yale yangesemwa na mtu mwingine yeyote, pengine angekuja kutuuliza sisi kama ni kweli. Lakini yalitoka kwetu. Tulimwosha, tukamlisha, tukamlilia, naye akatuamini kwa kila kitu. Imani ile tuliijenga kwa miaka kwa mikono iliyopashwa moto, na tukaitumia yote kwa sentensi moja ambayo haikuwa kweli.

Maana haikuwa kweli. Dawa hizi hufubaza virusi, haziviondoi mwilini. Mtu akiacha, virusi huamka na kuongezeka, kinga hushuka tena, na mara nyingine virusi hujifunza kuzishinda dawa zile za mwanzo. Haya tuliyasoma chuoni, tukayafundisha kliniki kila siku za wiki. Jumapili tuliyaacha mlangoni pa kanisa.

Mto wa Yordani

Mama hakufa, na tunamshukuru Mungu kwa hilo kila tukimwona. Alilazwa wiki nyingi. Ilibidi fangasi watibiwe kwanza kabla ya kurudishiwa dawa za virusi, maana kuziharakisha katika ugonjwa ule kunaweza kuleta hatari zaidi. Alipoanza tena, vipimo vilionyesha kwamba zile za mwanzo hazimfai, akahamishiwa za ngazi ya pili. Jicho la kushoto halikurudi. Mpaka leo halioni.

Tulikwenda kumwomba msamaha tukiwa wanne. Tulipiga magoti kando ya kitanda. Alituacha tupige magoti kwa muda, hakuharakisha kutuinua. Kisha akatuuliza, "Masista, mnamkumbuka Naamani?"

Tulimkumbuka. Ni jemadari wa Shamu aliyekuwa na ukoma, na habari zake ziko katika 2 Wafalme sura ya 5. Sisi tuliwahi kufundisha somo lile katika shule ya Jumapili, na siku zote tulimsifu yule kijakazi mdogo, mateka kutoka Israeli, aliyemwambia bibi yake habari za nabii. Tulisema, oneni, msichana asiye na cheo alivyomfikisha mtu mkubwa kwa Mungu.

Mama akasema, "Naamani aliambiwa ajichovye mara saba. Mimi nilikuwa mtoni. Nilikuwa nimeshachovya mara ya nne, ya tano. Ninyi mlinishika mkono mkanitoa, mkasema tayari."

Kisha akaongeza, "Wale watumishi wake wengine hamkuwasoma? Alipokasirika akataka kuondoka, walimbembeleza arudi majini. Mimi nilitaka ninyi muwe wale."

Tulirudi nyumbani tukafungua Biblia, na ni kweli. Mle ndani wamo watu wawili wenye mvuto, si mmoja. Kijakazi alimwelekeza Naamani kwa nabii. Lakini Naamani alipoona dawa yenyewe ni jambo dogo mno, kuoga tu, na mto wenyewe mchafu kuliko mito ya kwao Dameski, alichukia akageuza safari. Watumishi wake ndio waliomsogelea, wakamwita baba, wakamshauri kwa heshima afanye lile jambo dogo (2 Wafalme 5:13). Hawakumfanyia muujiza. Walimsaidia tu avumilie mpaka mara ya saba. Na Biblia haisemi kwamba maji yale yalipunguza utukufu wa Mungu.

Tulijiona wajinga. Kidonge kila siku, saa ileile, mwaka hadi mwaka, ni jambo dogo lisilopigiwa vigelegele. Ndiyo maana tuliliruka. Tulitaka muujiza unaomalizika siku ya wiki ya wanawake.

Kusimama tena mahali palepale

Mama alipopata nguvu tulimwambia kwamba tunataka kusahihisha maneno yetu mbele ya usharika. Tulidhani atafurahi. Alisema, "Mara ya kwanza mlinisimamisha bila kuniuliza. Safari hii niulizeni."

Tukamwuliza. Akaomba wiki mbili za kufikiri. Tulijifunza kungoja. Baadaye alituambia kwamba atakuja, kwamba atasema mwenyewe, na kwamba ugonjwa wake hatautaja, wala sisi tusiutaje. Tulikubali. Tulipaswa kujua hata kabla hajasema: siri ya mgonjwa ni mali yake, na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inailinda. Lakini kabla ya sheria kuna heshima tu ya kawaida, ambayo sisi tuliisahau kwa sababu tulikuwa na furaha.

Tulimwomba mchungaji nafasi, akatupa baada ya matangazo. Sisi wanne tulisimama tukasema tulitangaza kitu tusichokuwa na haki ya kukitangaza, na kwamba mtu ameumia kwa sababu hiyo. Tuliomba radhi. Kanisa lilikuwa kimya mpaka ukasikia mtoto akinyonya. Kisha mama akasimama pale alipokuwa amekaa, hakuja mbele, akasema maneno machache: "Mungu alinipa dawa. Nikaacha kwa sababu ya shangwe. Kama kuna mtu hapa ameacha za kwake, arudi, hata leo. Mungu hatamkasirikia kwa kumeza."

Akaketi. Hakuna aliyepiga vigelegele.

Baada ya ibada watu watatu walitufuata mmoja mmoja, kila mmoja akihakikisha haonekani. Wa kwanza alikuwa mzee wa kanisa aliyeacha vidonge vya presha tangu Pasaka, kwa sababu aliombewa akajisikia vizuri. Wa pili alikuwa binti aliyekatiza dawa za kifua kikuu mwezi wa tatu, kikohozi kilipoisha, wakati matibabu yake yalikuwa ya miezi sita. Wa tatu hatutamsema. Wote watatu walirudi kliniki. Mwenye presha alikwenda akinung'unika njia nzima, lakini alikwenda.

Tunavyofanya sasa

Kuanzia hapo tulibadilisha mambo kadhaa. Tunayaandika, huenda yakakufaa wewe mwenzetu, hata kama si muuguzi, maana mwalimu, shangazi, mama mwenye duka na mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa nao wana watu wanaowaamini hivyohivyo.

Kwanza, tunakumbuka kwamba mgonjwa amelala nasi tumesimama. Kanisani msikilizaji akichoka huondoka. Mgonjwa mwenye dripu mkononi ataondoka kwenda wapi? Anajua kwamba sisi ndio wenye dawa ya maumivu na sisi ndio tutakaomgeuza usiku. Tukimwambia "tuombe", atasema "ndiyo" hata kama moyo wake hautaki. Basi tukiwa kazini tumevaa sare hatuanzi sisi. Tunafanya kazi ya uuguzi kwa ukamilifu wake. Akituuliza habari za imani tunamjibu kwa furaha, na akitaka maombi, tunaomba kwa ufupi na kwa sauti ya chini, jirani yake asibughudhiwe.

Mwaka mmoja alilazwa kwetu bibi wa Kiislamu, mtu wa Tanga aliyekuja kumtembelea mwanawe akavunjika nyonga. Siku ya pili tulimwona akilia kimya. Hakuwa akilia maumivu. Kitanda chake kilikuwa kimegeukia ukutani, naye alitaka kuswali akielekea Kibla. Tuliwauliza vijana wa msikitini, wakatuonyesha upande, nao kwa huku kwetu ni kaskazini. Tulikigeuza kitanda, tukamletea maji ya kutawadha kwenye beseni dogo. Kila alfajiri mwenye zamu alikumbuka maji ya bibi. Alipoondoka alitushika mikono akasema, "Wanangu, aliyewalea amewalea." Hakubadili dini yake wala hatukumtaka aibadili pale kitandani. Lakini wanawe, kila wakipita mjini, huja kutusalimia, na mmoja wao aliwahi kutuuliza kwa nini tulimfanyia mama yake vile. Tulimwambia kwa sababu ya Yesu. Alisikiliza mpaka mwisho. Swali lilikuwa lake, na jibu tulikuwa tumeshalitoa kabla hajauliza.

Pili, tunachunga maneno. "Amepona" na "amepata nafuu" ni maneno mawili, si moja. Mtu wa presha, wa kisukari au wa VVU anayeendelea vizuri na dawa, tunasema Mungu anamtunza, anaendelea vizuri, na dawa anameza. Hatuoni kwamba ushuhuda huo ni mdogo. Leo mtu mwenye VVU anayemeza dawa zake vizuri, mpaka kipimo cha wingi wa virusi kikaonyesha havionekani, hawezi kumwambukiza mwenzi wake kwa kujamiiana. Mama mjamzito anayefuata matibabu anaweza kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye na maambukizi. Sisi tuliofunga macho ya watu wengi katika miaka ile tunajua haya ni makubwa kiasi gani. Hayahitaji kuongezwa chumvi.

Tatu, hatumsimamishi mtu kabla ya kumwuliza, na tukimwuliza tunampa siku za kukataa. Anayekubali kwa sababu anakudai wema hajakubali.

Nne, tunawapasha wengine mikono. Siku hizi wanafunzi wakija wodini tunawaonyesha birika kabla ya kuwaonyesha kabati la dawa. Wengine hucheka. Waache wacheke, watakumbuka.

Mwanetu uliyeuliza

Mama wa viazi yupo, anaendelea na biashara yake. Viazi vibovu anavitambua kwa kidole na kwa jicho moja haraka kuliko sisi wenye macho mawili. Miaka hii yote hajakosa tarehe ya kliniki. Na kuna kazi anayoifanya ambayo hakuna aliyempangia. Akimwona mtu mpya sokoni anayekohoa na kukonda, au mama aliyepewa kadi akaificha kwenye matiti huku akitetemeka, humwita kando, humwuzia viazi kwa bei ya chini, na huongea naye. Wengi aliowaleta kliniki tunawajua. Wachache kati yao tunawaona kanisani. Wengine ni wa makanisa mengine, wengine ni Waislamu, wengine hawana dhehebu. Anawaambia wote neno moja: "Usitoke majini."

Hajawahi kutuambia kwamba ametusahaulia lile. Alitusamehe, hilo alilisema siku ileile kando ya kitanda, baada ya habari za Naamani. Lakini kila Jumamosi tukimpelekea uji, naye sasa ndiye anayetupikia sisi chai, hutugeuzia uso kidogo ili atuone kwa jicho la kulia. Nasi hukaa upande huo. Tumezoea kukaa upande huo.

Basi mwanetu, uliuliza uanze na neno gani. Tumefikiri sana. Wale watu watakuamini kuliko unavyodhani, kwa sababu utakuwa umewashika walipokuwa uchi na wenye hofu. Hiyo ni amana, wala si yako. Kwa hiyo usianze na neno. Nawa, pasha mikono, umwulize jina lake na anavyopenda kuitwa. Mpe dawa yake kwa saa yake. Kesho fanya hivyohivyo. Ikifika siku ya yeye kukuuliza, mwambie habari za Bwana wako kwa ukweli wote, usipunguze wala usiongeze.

Na akiwa bado yumo mtoni, shuka kando ya maji ukae naye, mhesabie mpaka saba.